Fomu ya Vipengele Sabini na Kimoja

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa ratiba. Niliorodhesha siku na saa ambayo ningeingia darasa la kila mwalimu, nikapiga mistari kwa rula, nikairudia mara nne kwa sababu mara tatu za kwanza mstari wa Alhamisi ulipinda, kisha nikaibandika kwenye mlango wa chumba cha walimu wiki mbili kabla ya ziara ya kwanza. Niliona huo ni ustaarabu. Matokeo yake, kwa karibu mwaka mzima sikuona somo la kweli hata moja.

Diane na Olivier, mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi kwa kuwa ninyi ndio mnaoendelea kupanga ziara za walimu. Ninaandika kama mstaafu, ingawa nina miaka thelathini na mitatu. Mama yangu, aliyeishi Karagwe nusu ya maisha yake kabla ya kurudi huku, ameniuliza mara mbili kama kustaafu ni neno jipya la kufukuzwa. Sikufukuzwa. Lakini rasimu hii ni ya sita, na ile ya tano niliichana kwa sababu ilianza kwa kujisifu, kwa hiyo niacheni nijieleze taratibu.

Niliingia chuoni kama fundi wa vifaa. Chuo chetu hapa Gisenyi kinafundisha utalii, hoteli na biashara, na vumbi jeusi la mawe ya volkano linafundisha subira, maana linaingia kwenye projekta zote. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua, kuzipiga brashi ndogo ya rangi, kuzifunga, na kukaa nyuma ya darasa robo saa kuhakikisha hazizimiki tena. Robo saa hizo ndizo zilizoniharibu. Nilianza kuona kwamba mwalimu mmoja akieleza jambo, wanafunzi wanainua vichwa, na mwingine akieleza jambo lile lile, wanaangalia simu chini ya meza. Nikataka kujua sababu. Nikasoma vitabu vya ufundishaji nilivyovipata kwenye mtandao, nikatazama video stoo, katikati ya nyaya, nikajaza madaftari manne. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyenifundisha. Na mimi mwenyewe sikuwahi kumfundisha mtu kitu chochote, isipokuwa dada yangu kutumia simu mpya, na siku ile alilia.

Mkuu wa masomo aliyaona madaftari yale. Alikuwa mwanajeshi zamani, alikulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, bila salamu. Wote tulimwita Afande na hakuna aliyejua kama anapenda.

"Wewe," alisema. "Madarasa yote umeingia?"

"Ndiyo, Afande."

"Kunishinda mimi?"

"Kumshinda kila mtu, Afande. Projekta ni mbovu."

"Wakubwa wanataka niwe na mtu wa kuboresha ufundishaji. Utakuwa wewe. Ripoti kila mwisho wa mwezi."

Nilitaka kumwambia kwamba sifai. Badala yake nikauliza kama ripoti iwe na jalada.

Siku ya kwanza niliingia na fomu. Ilianza na vipengele kumi na viwili, lakini kila nilipolala nilikumbuka kingine, na kufikia siku ile vilikuwa sabini na kimoja. Kipengele cha nane: mwalimu anatembea darasani. Cha tisa: hatembei mno. Cha arobaini na nne: malengo ya somo yameandikwa ubaoni. Nilikuwa na kalamu za rangi tatu na saa ya kupimia sekunde. Asubuhi ile nilisimama mbele ya kioo nikajizoeza uso usiohukumu. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba ulifanana na uso wa mtu mwenye kiungulia.

Ziara yangu ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Théoneste, mwalimu wa takwimu, aliyesoma kwa Kifaransa, anafundisha kwa Kiingereza, na anakasirika kwa Kinyarwanda. Nilipoingia, darasa lote la mwaka wa pili likasimama na kupiga makofi. Hilo sikulitarajia. Kwetu mgeni haingii kimya kimya: anapokewa, anatambulishwa, anapewa kiti kizuri, na anaombwa aseme maneno mawili. Kiti kilikuwa tayari. Pembeni yake kulikuwa na Fanta ya ndimu na mrija. Nikasimama kusema maneno mawili, na kwa kuwa nilikuwa na madaftari manne kichwani, nilisema kwa dakika saba. Wakapiga makofi tena. Kisha nikaketi, nikawasha saa yangu, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba dakika kumi na nne za kipindi zimepotea. Ilinichukua wiki nzima kukumbuka kwamba nusu yake niliipoteza mimi.

Lakini somo lilikuwa zuri ajabu. Mzee anauliza, mikono yote juu. Anachagua, anajibiwa sawasawa. Jambo moja tu lilinishangaza. Swali la pili lilijibiwa kwa jibu ambalo halikuhusiana nalo. Mzee hakuyumba. Akasema "vizuri sana", akauliza swali la tatu, na akapewa jibu la swali la pili. Nilidhani ni mbinu ya hali ya juu ambayo sijaifikia kwenye vitabu. Nikampa alama sitini na nane.

Iliendelea hivyo kila nilikokwenda: makofi, maneno mawili, Fanta, somo safi. Siku zenye ziara tatu nilikunywa Fanta tatu, maana kuacha chupa ya mwenyeji ni kumtukana, na vipengele vya sitini hadi sabini nilivijaza nikitafuta kwa macho mlango wa kutokea. Niliandika ripoti kwamba chuo chetu kina walimu bora kuliko nilivyosoma popote. Niliipa jalada.

Aliyenitoa usingizini, mwaka ukielekea kuisha, ni Clarisse, kiongozi wa darasa lile la mwaka wa pili, binti wa mama anayevusha nyanya mpakani kila siku, pale Petite Barrière. Nilikuwa nimepiga magoti nikisafisha projekta darasani kwao, na yeye ananishikia skrubu.

"Teacher," aliniuliza, "utarudi lini tena kwa takwimu?"

"Mwezi ujao. Mlifurahi?"

"Hapana. Tunataka kujua lini tutaanza kurudia tena. Ile somo uliyoona siku ya kwanza tulikuwa tumeshaifanya Jumatatu. Na Jumanne. Ulipokuja ilikuwa mara ya tatu. Mwalimu ametugawia majibu, kila mutu na lake. Bosco alikosea zamu yake." Akanipa skrubu ya pili. "Ukirudi tutarudia nyingine mara tatu. Na sura ya saba iko kwa mtihani, hatujaigusa."

Sikulala vizuri siku tatu. Kisha nikafanya kile anachofanya mtu wa aina yangu anapogundua kosa: nikakimbilia kosa la upande wa pili. Nikaibandua ratiba na kuanza kuingia bila kusema. Mzee Théoneste alinifuata ukumbini. "Hata polisi wanabisha hodi," alisema, na kwa wiki mbili akawa ananijibu salamu kwa kikohozi.

Darasa la kwanza nililoingia hivyo, na la pekee kabla mwaka haujaisha, lilikuwa la Maman Consolata. Mnamjua sasa, wakati ule mimi nilimjua kwa kelele tu, maana hakuwahi kuwasha projekta, zamu yake kwenye ratiba ilikuwa bado, na chumba chake kiko chini ya stoo yangu. Alifundisha mapokezi ya hoteli. Alizaliwa hapa, dada zake wako Goma, na anazungumza Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka bila kujali nani yuko mbele yake. Nilifungua mlango nikakuta meza zimesukumwa ukutani, mwanafunzi mmoja amebeba sanduku na kugombana na mwenzake kwa Kinyarwanda, watatu wanawashauri kwa Kifaransa, na mwalimu mwenyewe ameketi juu ya dawati akila karanga. Ubaoni hakukuwa na kitu. Hakuna malengo. Hakuna hata tarehe.

"Bon, ingia," alisema. "Usisimame pale kama mutu ya police. We ni client. Umetoka Goma, umesimama kwa barrière masaa mbili, uko na njaa, na chumba yako tumeipatia mutu mwingine. Anza kulalamika."

"Samahani, Maman, mimi si mteja, nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia nini?"

"Ufundishaji."

"Ah. Basi kaa." Akawageukia wanafunzi. "Muacheni. Huyu ni client wa aina ya kunyamaza. Ni mbaya kuliko wa kulalamika. Anaenda kuandika."

Nikaandika. Kipengele cha arobaini na nne, sifuri. Lugha ya kufundishia, sifuri. Matumizi ya ubao, sifuri. Mwalimu hali chakula darasani, sifuri, na hicho nilikiongeza pale pale. Nikampa kumi na tisa kati ya sabini na mbili za sasa, na nikajisikia mtu wa haki kwa sababu nilijumlisha mara mbili.

Mwisho wa mwaka nilipanga fomu zote kwa alama, ya juu mpaka ya chini, kila kundi na klipu ya rangi yake. Hakuna aliyeniomba nizipange. Nilizipanga kwa sababu zilikuwa hazijapangwa. Afande alizipindua kwa kidole gumba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Safi sana. Umenirahisishia. Mwakani tunapunguza mwalimu mmoja, nilikuwa sijui yupi." Akavuta karatasi ya chini kabisa, yenye klipu nyekundu. "Consolata. Mkataba wake unakwisha mwezi huu."

"Afande, fomu haikuwa ya hayo."

"Ina namba?"

"Ina namba."

"Basi ni ya hayo. Barua ya kumwachisha nasaini Jumatatu."

Ilikuwa Jumatano. Niliandika barua ya kukiri ya kurasa mbili na kumfuata Maman Consolata mchana akielekea Petite Barrière, kikapu kichwani, amwone dada yake kabla mpaka haujafungwa. Nilitaka tuketi mahali. Alisema hana muda wa kuketi, nisome tukienda. Kwa hiyo nilisoma maungamo yangu nikitembea katikati ya wabeba mizigo, watu wananipigia kelele "pisha, pisha!", na kwenye aya ya pili nikagonga mtu mwenye makreti ya mayai mgongoni. Mayai yalipona. Aya ya tatu sikuweza kuipata tena.

"Ngoja," Maman Consolata alisema. "Donc we ndo umenipa dix-neuf."

"Ndiyo, Maman. Kumi na tisa."

"Na hiyo dix-neuf ndo inanitoa kazini."

"Ndiyo."

Aliweka kikapu sawa kichwani. Ana watoto wawili wanaosoma. Hilo nilikuwa nimeliandika kwenye aya ya tatu. "Mutoto yangu, we umefundisha miaka ngapi?"

"Sijawahi kufundisha."

Alisimama. Wabeba mizigo wakagawanyika pande mbili zetu kama maji. Nilitarajia matusi, hata nilikuwa nimeyaandalia jibu. Yeye akacheka mpaka akakishika kikapu kwa mikono miwili.

"Hajawahi," alimwambia mama mmoja asiyemjua aliyekuwa akipita na mzigo wa vitunguu. "Anapima mkate na hajawahi kupika hata ugali." Kisha akanigeukia. "Sikiliza. Mi siwezi kukusamehe na kukufundisha siku moja, niko na wakati ya kimoja. Vendredi unachukua darasa yangu, saa moja nzima. Kupokea simu ya client. Bado sijawafundisha. Mi nitakaa kwa kiti yako, na nitajaza fomu yako."

Nilijiandaa siku mbili. Andalio langu la somo lilikuwa na kurasa tisa na dakika zote zimehesabiwa. Nitasema jambo moja zuri kuhusu Ijumaa ile: projekta ilifanya kazi bila kasoro. Nilionyesha maana ya kupokea simu, umuhimu wa kupokea simu, na hatua nne za kupokea simu. Niliandika malengo ubaoni. Nilitembea, lakini si mno. Na baada ya dakika kumi na tisa nilikuwa nimemaliza kila kitu, kwa sababu nilikuwa nimeandika "wanafunzi wanauliza maswali, dakika arobaini", na hakuna aliyeuliza.

"Maswali?" nilisema.

Walinitazama kwa huruma. Niliangalia saa yangu. Zilipita sekunde arobaini. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanifanya nifunge macho nikilikumbuka: nikarudi slaidi ya kwanza na kufundisha somo lote tena, polepole zaidi.

Katikati ya mara ya pili simu ya Clarisse ikalia. Nilitaka kumkemea, nikaona anayepiga ni Maman Consolata, ameketi nyuma, simu sikioni, fomu yangu gotini.

"Pokea," alimwambia. "Mi ni client. Niko kwa barabara ya Musanze, gari imekufa, mutoto yangu analia, na chumba niliomba ni ya leo."

Clarisse alisimama, akatazama ukutani kwenye slaidi yangu. "Allo. Kupokea simu kuna hatua nne," akasema. "Hatua ya kwanza..."

"Mutu analia kwa barabara, we unamupatia hatua ine?"

Clarisse akakata simu, akaketi. Darasa likacheka, na mimi nikacheka pia, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu. Maman Consolata alinirudishia fomu. Hakujaza kipengele hata kimoja. Chini, kwa kalamu yangu ya kijani, alikuwa ameandika kwamba mwalimu amejua simu, wanafunzi bado.

Sikuandika barua nyingine. Nilikwenda moja kwa moja kwa Afande, na kwa kuwa sikuwa na karatasi niligugumia. Nilimwambia kwamba alama za juu ni za masomo yaliyozoezwa, kwamba alama ya chini ni ya somo la kweli pekee nililoliona, na kwamba mimi nimefundisha saa moja na sikumfundisha mtu.

"Kwa hiyo kwenye kabati nina mwaka mzima wa uongo," alisema.

"Wenye jalada, Afande."

"Kwa nini nikuamini leo?"

"Usiniamini. Twende darasani kwake sasa hivi."

Alikwenda, nadhani, ili kuniaibisha. Maman Consolata alipomwona mlangoni hakutoa makofi wala kiti. Alimwambia maneno yale yale aliyoniambia mimi: umetoka Goma, una njaa, chumba chako amepewa mwingine. Afande hakuwa mtu wa kunyamaza. Alipiga meza.

"Chumba changu kiko wapi?"

Clarisse ndiye aliyekuwa nyuma ya meza, na huyu hakuwa Clarisse wa simu yangu. "Mzee, pole kwa safari," alisema. "Kosa ni letu. Karibu ukae, nakuletea maji."

"Sitaki maji. Namtaka meneja."

"Anakuja. Tukimsubiri, mzee, unapenda dirisha la ziwani au utulivu wa upande wa nyuma?"

Afande alifikiri. "Utulivu."

"Na chakula tukuletee huko huko, au utashuka?"

"Huko huko."

Akawa tayari ameshika ufunguo wa kabati la darasa ambao Clarisse alikuwa amemwekea mkononi, alipogundua. Alisimama pale akiutazama. 

"Huyu msichana amenihamisha chumba," alisema.

"Na umekubali mwenyewe, Directeur," Maman Consolata akamjibu, akitafuna karanga.

Nje ukumbini Afande aliniuliza nilimpa ngapi. Kumi na tisa, nikasema. Akanitangulia mpaka ofisini kwake. Hapo akatoa mkataba kwenye droo, akausaini nikiwa nimesimama, akaniambia niondoe fomu zangu kwenye kabati lake na nisimwonyeshe klipu nyingine ya rangi maishani. Mwalimu wa kupunguzwa hakupatikana mwaka ule; kozi moja isiyo na wanafunzi ndiyo iliyofungwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya polepole, na ninyi wawili mliiona sehemu kubwa yake. Maman Consolata aliomba kuingia darasa la Mzee Théoneste, naye Mzee akakubali kwa sharti kwamba yeye pia ataingia kwake na hatalazimishwa kuwa mteja. Alilazimishwa. Baada ya hapo wengine wakaanza, wawili wawili. Mimi nilibaki kupanga nani anakwenda kwa nani, na kujizuia, kwa shida kubwa, nisiongeze kipengele.

Hali ilivyo sasa ni hii. Kila mwalimu chuoni huingia darasa la mwenzake mara mbili kwa muhula, bila makofi na bila hotuba, na kipindi kikiisha anawaomba wanafunzi watatu wafanye kile walichofundishwa. Wakishindwa, walimu wawili wanakaa na kulitengeneza upya somo, na hakuna namba inayokwenda ofisini. Darasa la takwimu limemaliza sura ya saba kabla ya mtihani. Nafasi ya mtu wa kuboresha ufundishaji imeondolewa kwenye orodha ya watumishi, niliomba mwenyewe iondolewe, na mimi ninafundisha saa sita kwa wiki.